Comic Sans: Fonti ya Kucheza, Lakini Si Kila Mahali

Cheki zile herufi za duara, kama mtoi ameshika kalamu nene. Hiyo ni Comic Sans. Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka wa 1994, baada ya kuona mbwa wa katuni kwa programu ya Microsoft Bob akiongea kwa Times New Roman. Mbwa, maze, kama barua ya wakili! Mwaka wa 2012 Fabiola Gianotti wa CERN aliitumia kuonyesha ushahidi wa chembe ya Higgs, na mtandao ukamcheka.

Wewe itumie kwa kadi ya bathdei ama bango la nasari, iko poa kabisa. Bango la mchango wa bili ya hospitali? Zii. Watu watadhani unacheza, M-Pesa ibaki kimya.