Kutwa ya Mmea, si Kipindi cha Nuru

Kipindi ni kitu cha redio na cha darasani. Mwalimu ana kipindi cha hesabu, mtangazaji ana kipindi cha salamu, na vyote viwili huweza kuahirishwa, kurudiwa au kukatizwa na tangazo bila kupoteza jina lake. Ndiyo maana nilipokuta "kipindi cha nuru" katika orodha ya istilahi za kilimo, likiwa limewekwa kama jina la idadi ya saa ambazo mmea hupata mwanga katika siku moja, nilidhani mchapaji ameruka mstari. Hakuruka. Kamati ambayo sitaitaja ilikaa, ikalijadili neno hilo, ikaridhika nalo, na sasa linatajwa kuwa ndilo rasmi.

Ningelinyamazia kama lisingeingia katika kazi yangu. Niliandika kijitabu kuhusu kutunza ndani ya nyumba mimea inayokula wadudu, na sehemu yake kubwa ilihusu kupanga saa za taa, kwa kuwa wengi wetu tunaoipenda mimea hiyo tunaishi mijini, kwenye vyumba ambavyo jua huvifikia kwa kuchungulia tu. Kila nilipoandika "kutwa", mhariri alifuta akaweka istilahi ya orodha. Sentensi yangu "ipe Dionaea kutwa ya saa 14" ilichapwa "ipe Dionaea vipindi vya nuru vya saa 14". Msomaji akanipigia simu kuuliza taa izimwe kwa muda gani kati ya kipindi na kipindi. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kitu chenye vipindi, kwa Kiswahili cha kila mtu, ni kitu kinachokuja na kuondoka: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza vipindi vya mvua, hakuna anayetarajia inyeshe mfululizo tangu asubuhi hadi jioni. Yeye alitii alichosoma, akawa anauwashia mmea taa usiku wa manane.

Na hiyo nuru? Ni neno lenye heshima yake. Tuna nuru ya imani, nuru ya uso wa mtu mwema, nuru inayomfikia mtu aliyekuwa amepotea. Taa ya LED iliyofungwa sentimita 20 juu ya chungu cha moss inatoa mwanga. Ukiunganisha kipindi na nuru, msikilizaji atatafuta mahubiri redioni kabla hajawaza mmea.

Dhana yenyewe ina tarehe na ina wenyewe. W. W. Garner na H. A. Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakisumbuliwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, ambayo ilirefuka kiangazi kizima pasipo ua hata moja, kisha ikachanua ndani ya nyumba ya vioo majira ya baridi. Waliijengea kibanda cha giza, wakawa wanaiingiza humo alasiri na kuitoa asubuhi, hata mchana mrefu wa kiangazi ukawa mfupi kama wa baridi. Ikachanua. Matokeo yalichapishwa 1920, na jina walilolibuni, photoperiod, waliliunga kwa Kigiriki: phos, mwanga, na periodos, mwendo unaozunguka na kurudi ulikoanzia, ambalo nalo limebeba hodos, njia. Kwa hiyo moyo wa istilahi hiyo ni mzunguko, siku inayorejea kila siku. Waliotufasiria hawakwenda hadi Kigiriki. Waliishia kwenye umbo la Kiingereza, wakalitafsiri kama linavyosomeka kwenye ratiba ya shule.

Neno letu lipo, na ni la zamani kuliko kamati zote. Kiswahili kina vitenzi viwili vifupi vya jua: -cha, yaani kupambazuka, na -chwa, yaani jua kuzama. Cha kwanza kina ndugu kila upande. Waganda husema okukya, na jina la gazeti lao la Bukedde ni tangazo hilohilo kwamba kumekucha. Wanyarwanda wana gucya. Wachewa wana kucha kama sisi, na kwacha yao ilikuwa mwito wa wapigania uhuru kabla haijawa jina la fedha, Zambia mwaka 1968 na Malawi mwaka 1971. Kitenzi cha pili kimetuachia machweo. Katika lahaja za kaskazini, ambako macho ni mato, sauti ya ch huwa t katika maneno mengi, na kuchwa husikika kutwa. Kiswahili sanifu kikabeba yote mawili: machweo ya huku na kutwa ya kule.

Sasa sikiliza kinachosemwa ndani ya "mchana kutwa" na "usiku kucha". Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lichwe. Usiku kucha ni usiku mpaka kuche. Kila muda umepewa jina la mpaka unaoumaliza, nao mpaka huo ndio mwanzo wa muda unaofuata. Hata vitenzi vya binadamu vimegawanywa hivyohivyo: mtu hushinda kutwa, hukesha kucha. Sijui lugha nyingi zilizopewa jozi iliyo tayari kiasi hicho, na inaniuma kuona inaachwa mlangoni wakati sisi tunaazima kengele ya shule.

Jozi hiyo si pambo. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha, kwa gugu liitwalo Xanthium, kwamba mmea huo huhesabu giza. Ukipata usiku usiokatizwa unaozidi saa 8 na nusu hivi, huchanua. Ukimulikwa muda mfupi katikati ya usiku huo, hauchanui, ingawa mchana wake haukuguswa. Anayetaka kulieleza jambo hilo kwa istilahi ya orodha atalazimika kusema kwamba kipindi cha giza kimekatizwa na kipindi kingine cha nuru, na hapo msomaji ameshapotea. Mimi nasema kucha imekatizwa. Katika mashamba ya krisanthemu ya Arusha na Uganda, yanayokuza vipandikizi kwa ajili ya soko la Ulaya, kazi hiyo inafanywa kila siku: taa huwashwa usiku juu ya mimea mama isije ikachanua, kwa kuwa usiku wetu wa saa 12 ni mrefu wa kutosha kuiletea maua. Wanakatiza kucha, hata kama kwenye karatasi za shamba wameandika vingine.

Saa yetu yenyewe inashuhudia. Saa ya Kiswahili haianzi katikati ya usiku, saa ambayo hakuna kiumbe kinachoanza jambo. Saa 1 asubuhi ni saa moja ya kutwa iliyokwisha kupita. Saa 12 jioni kutwa imekamilika, na hesabu inaanza upya kwa kucha. Saa ya namna hiyo ingeweza kukaa tu karibu na ikweta, ambako kutwa na kucha hukaribia kulingana mwaka mzima. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku yenye mchana mrefu kuliko zote na ile yenye mchana mfupi haifiki saa moja. Kwa maneno mengine, tumekuwa tukipima kutwa tangu tulipojua kutaja saa.

Mwandishi mmoja wa vitabu vya biolojia, ambaye kazi yake naiheshimu, hupendelea "urefu wa mchana". Mchana ni neno safi, nalo lina ukoo: emisana kwa Waganda, masana kwa Wachewa. Lakini limebanwa na matumizi. Chakula cha mchana hakiliwi saa 2 asubuhi, na anayekupa habari za mchana hakupi habari za alfajiri. Tena taa ikiwaka hadi saa 2 usiku, kusema kwamba bado ni mchana ni kumlazimisha msomaji akanushe anachokiona dirishani. Kutwa imekwisha kujitenga na jua kiasi cha kuweza kupimwa: shule ya kutwa ni shule ya kutwa hata wingu likifunga anga.

Wapo pia wanaosema "kiasi cha mwanga". Hao wamechanganya mambo mawili ambayo mtunza mimea hapaswi kuyachanganya hata siku moja. Taa hafifu na taa kali zikiwaka saa 14 kila moja, kutwa ni ileile. Kiasi ndicho kinachotofautiana. Mmea wa Drosera chini ya taa hafifu utarefuka majani, upoteze wekundu na ulegee, na kuiongeza kutwa yake kutasaidia kidogo tu.

Dhidi ya kutwa nimeletewa pingamizi tatu. Ya kwanza ni ya sarufi: kwamba kutwa ni kitenzi-jina, na upatanisho wake ungepaswa kuwa wa ku-, "kutwa kurefu", jambo linalokwaza sikio. Wanaosema hivyo hawajawasikiliza watu. Kila mmoja wetu husema kutwa nzima. Wasemaji wamekwisha kulihamishia neno hilo kwenye ngeli ya i-, kwa hiyo kutwa ndefu na kutwa fupi hazihitaji kibali kipya.

Ya pili inahusu kucha, kwamba msomaji atawaza vidole. Mbona hawazi vidole anaposikia usiku kucha? Muktadha unamtosha, kama unavyomtosha kwenye paa wa porini na paa la nyumba.

Ya tatu ndiyo yenye uzito, nami naijibu kwa urefu wake. Pakiti ya dawa huandikwa "kutwa mara tatu", na mgonjwa anatakiwa kumeza kila baada ya saa 8, usiku ukiwemo. Je, kutwa si saa 24 basi? Hapana. Mfamasia amelinyoosha neno kwa haja yake, na Waswahili wengi wamebaki wakimeza asubuhi, mchana na jioni, yaani ndani ya kutwa, kwa sababu ndivyo neno linavyowaambia. Saa 24 zina jina lake, nalo ni siku. Na anayetaka mkazo husema kutwa kucha. Kama kosa lipo, liko kwenye pakiti.

Kutwa ikikubaliwa, istilahi nyingine zinajipanga zenyewe. Mmea unaochanua giza likirefuka ni mmea wa kutwa fupi. Kinyume chake ni wa kutwa ndefu. Usiofungamana na lolote kati ya hayo ni mmea usiojali kutwa. Urefu ambao ukivukwa mmea hubadili mwenendo ni kutwa ya mpaka. Saa zinazotoka kwenye umeme ni kutwa ya taa. Tabia yenyewe ya mmea kuitikia naiita usikivu wa kutwa, na kila nilipoitumia mbele ya wanafunzi sikuhitaji kuifafanua mara ya pili. Jaribu kuunda hata nusu ya hizo kwa kipindi cha nuru.

Kwa wanaotaka tu kujua waweke taima saa ngapi: Dionaea muscipula asili yake ni majimbo ya North Carolina na South Carolina, karibu na latitudo ya 34 kaskazini, ambako kutwa ya Juni hupita saa 14 na ya Desemba hupungua hadi chini kidogo ya 10. Iwekee taa kutoka 06:00 hadi 20:00, yaani saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, katika miezi ya kukua. Kisha ipunguze hatua kwa hatua hadi saa 9 au 10 kwa miezi mitatu hivi ya mapumziko, mahali pa baridi, kwa kuwa kutwa fupi peke yake katika joto la Dar es Salaam haitailaza sawasawa. Sarracenia vivyo hivyo. Drosera capensis na Nepenthes nyingi za tropiki hazihitaji usingizi huo. Saa 12 hadi 14 mwaka mzima zinatosha.

Drosera vibeti wa Australia Magharibi ndio wanaostahili uangalifu kuliko wote, maana kutwa ikifupika hutengeneza katikati ya majani vichipukizi vidogo kama punje, na kila kimoja kikidondoka huota mmea mpya. Wapunguzie taa hadi saa 8 au 10, uache kucha iwe kucha: taa ya chumbani isiwashwe, wala chungu kisiwekwe kwenye dirisha linalotazama taa ya barabarani.