Alama Zisizoandika: Historia Fupi ya Herufi za Amri

Maandishi hayajengwi kwa herufi pekee. Apigaye mashine ya kuchapa hufanya pia kazi isiyoacha wino: hurudisha kigari mwanzoni mwa mstari, kisha husogeza karatasi. Telegrafu ya kuchapa ilipobuniwa, kazi hiyo ya mkono ilibidi ipewe alama yake, maana mpokeaji yu mbali. Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya msimbo wake wa vipashio vitano mwaka 1874. Mnamo 1901 Donald Murray wa New Zealand aliurekebisha, akaingiza alama za kurudisha kigari na kushusha mstari.

Msimbo wa ASCII ulitangazwa Marekani mwaka 1963, ukarekebishwa 1967. Katika nafasi zake 128, 33 ni za amri. Kurudisha kigari kulipewa namba 13. Na kwa kuwa M ni herufi ya 13 ya alfabeti, kitufe cha Control kikibonyezwa pamoja na M hutoa amri hiyo.

Mfumo wa UUCP, ulioenea pamoja na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, uliiwezesha kompyuta kubisha hodi kwa nyingine bila mtu kuwapo. Hati ya kuingilia ilipangwa kwa zamu: neno la kungojewa, kisha jibu la kupelekwa. Waandishi wake walizoea kungojea «ogin:» badala ya «login:», kwa sababu herufi ya kwanza huenda ikaja kubwa au ndogo.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo la kiisimu: amri isiyoonekana itaandikwaje? Katika hati za Windows 95 iliandikwa ^M, yaani alama mbili zionekanazo zikisimama badala ya moja isiyoonekana. Aliyetaka kupeleka kikofia chenyewe alitanguliza mkwaju wa nyuma, \^. Aliyesahau ^M alipeleka jina sahihi, lakini upande wa pili uliendelea kungoja, kwani haukuambiwa kuwa msemaji amemaliza. Na pale ambapo programu haikuifahamu kanuni hiyo, kikofia na M viliingia ndani ya neno la siri, mlango ukabaki umefungwa.

Hivyo mashine imewakumbusha wanaisimu jambo la kale: kutaja alama si kuitumia. Kigari kimetoweka mezani. Amri yake ingalipo.