Mtumbwi, boti au jetski: Mambo ya kujua Karagwe na Kyerwa kabla ya kuingia majini

Karagwe na Kyerwa zinasifika kwa kahawa na ndizi, lakini maji nayo yapo. Kuna Ziwa Burigi, Ziwa Rwakajunju na Mto Kagera, ambao kwa upande wa Kyerwa ndio mpaka na nchi jirani. Wapo wanaovua, wapo wanaovuka, na wapo vijana wanaoshuka hadi Bukoba au Mwanza wakitamani kujaribu jetski, ile pikipiki ya maji.

Nani anatoa kibali?

Kwa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Ndilo linalokagua vyombo na kuvipa vyeti. Mvuvi anahitaji pia leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na pa kuanzia ni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri.

Leseni ya bodaboda haimfanyi mtu kuwa nahodha. Hiyo ni ya barabarani tu.

Sehemu ya Ziwa Burigi ipo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Humo ruhusa inatoka TANAPA. Na anayevuka Mto Kagera anaingia nchi nyingine, hivyo kwa kwenda Uganda apite kituo cha mpakani cha Murongo.

Jetski siyo bodaboda

Jetski haina breki kama za pikipiki. Injini huvuta maji na kuyasukuma kwa nguvu nyuma, na nguvu hiyo ndiyo inayokata kona. Mgeni akiona kizuizi mbele, kwa hofu huachia mafuta yote na kukunja usukani. Chombo kinanyooka hukohuko kwenye hatari. Kamba ya kuzima injini lazima ifungwe mkononi au kwenye jaketi, ili mtu akianguka injini izime yenyewe.

Kabla ya kupanda chochote

- Jaketi okozi livaliwe na kufungwa, siyo kukaliwa. Kujua kuogelea hakutoshi.
- Abiria na mizigo visizidi uwezo wa chombo. MV Nyerere, kilichozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo wa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220.
- Upepo ukianza kuvuma au wingu likitanda, safari isubiri.
- Pombe na maji haviendani.
- Mto Kagera una viboko na mamba. Usiku siyo wakati wa kuvuka.
- Mtu wa nchi kavu aambiwe safari inaenda wapi na itarudi saa ngapi.

Ajali ikitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa 114, Polisi kwa 112. Lakini ziwani msaada huchukua muda kufika, na kinachomweka mtu juu ya maji muda wote huo ni jaketi alilovaa kabla ya kuondoka.