Wageni wa Zamani wa Ziwa Nyasa

Huku Mbinga, mzee akisimulia asili yetu Wamatengo, huanza na mbio. Wangoni walifika kutoka kusini katikati ya karne ya 19, vita ikawaka, na babu zetu wakapanda milimani, wengine wakajificha kwenye mapango ya Litembo. Ndiko kilimo cha ngoro kilikoshika. Mwanamume anafyeka nyasi kwa nyengo na kuzilaza miraba miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo, mpaka mteremko mzima unabaki vishimo vinavyoshika maji yasibebe ardhi. Machi maharage, msimu unaofuata mahindi. Nimekulia kwenye ngoro za mama yangu, Namswea, na hadithi hiyo naiheshimu. Ila ni fupi mno. Miaka yangu ya kazi niliitumia maabara, nikiinamia hadubini, na damu niliyoiona pale ina hadithi ndefu zaidi.

Chini ya milima yetu, kando ya Ziwa Nyasa, Mbamba Bay inatazamana na Nkhata Bay ya Malawi. Kule ng'ambo, kwenye mlima Hora wilayani Mzimba, J. Desmond Clark alifukua mifupa ya watu wawili mwaka 1950. Joto letu huharibu vinasaba upesi, lakini mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huvitunza. Mwaka 2017 Pontus Skoglund na wenzake walichapisha walichosoma katika mifupa ya Hora, Fingira na Chencherere. Walikuwa wawindaji, wa kati ya miaka 8,000 na 2,500 iliyopita, wenye undugu na Wasani wa kusini na pia na mtu wa kale wa pango la Mota, Ethiopia. Kisha wakalinganishwa na Wachewa, Watumbuka, Wangoni na Wayao wa leo. Karibu hakuna kilichobaki cha wawindaji wale. Wangoni na Wayao ni majirani zetu hapa Ruvuma, na lugha zao na yetu ni za Kibantu, kwa hiyo huenda na kwetu ni hivyo hivyo.

Jambo hili linaniuma. Kaskazini, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wapo hadi leo. Huku kwetu inaonekana watu walioishi maelfu ya miaka hawakuacha hata wajukuu wa kuwataja, nasi tunasema ardhi hii ni yetu tangu mwanzo. Sisi ni wageni wa zamani, tuliokuja na jembe, mbegu na vyungu.

Tulikuja pia na damu iliyokwisha kupigana. Ukifyeka msitu, madimbwi yanapata jua. Ukijenga vijiji vya watu wengi, mbu wa malaria anapata chakula cha kudumu. Wakulima walizika watoto wengi. Waliopona waliacha alama: mtoto aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja ana kinga dhidi ya malaria kali, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa utafiti wake wa Afrika Mashariki. Akirithi kwa wote wawili, anaugua. Selimundu iliyozoeleka Tanzania ni ya aina wataalamu wanayoiita ya Kibantu, ileile ya Afrika ya Kati.

Milima ilitupunguzia mbu. Kinga inayopatikana kwa kuumwa mara kwa mara huisha, ndiyo maana mtu wa juu akishuka Nyasa kununua dagaa anaweza kurudi hoi kwa homa. Ya kurithi haiishi.

Kuna wazazi walioletewa majibu ya selimundu ya mtoto wao wakaanza kulaumiana, kila mmoja akisema kwao ugonjwa huo haupo. Niliwakalisha wote wawili nikawaeleza kwamba umetoka kwa mababu wa pande zote mbili, waliolima bondeni kabla ya kuja milimani, na kwamba nusu ya urithi huo ndiyo iliyowavusha hadi wakazaliwa wao. Kisha nikawaandikia tarehe ya kliniki.