Kopo la Oili na Barabara ya Zambia

Historia ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia tumezoea kuisoma kwa majina ya wakubwa. Fulani alitia saini, fulani alikata utepe. Sikatai, wana haki yao. Lakini barabara hii imepita pia mikononi mwa watu wenye kucha nyeusi, na ya kwao sijayaona vitabuni. Leo nataka kuyasema kwa kitu kidogo kabisa: kopo la kukingia oili.

Tuanze na mafuta yenyewe. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, nayo Rhodesia, mwezi Desemba mwaka huohuo, ikayakata mafuta yaliyokuwa yakipita kwake kwenda Zambia. Zambia haina bahari. Ikageuza uso Dar es Salaam. Mapipa mengine yakapanda ndege, mengine yakapanda malori kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Barabara, sehemu kubwa, ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika. Wazungu wakaiita njia ya jehanamu, na hapo hawakukosea.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likafika Ndola. Lami nayo ikaja, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia mwaka 1970. Lakini kabla ya hayo yote, lori ndilo lililokuwa bomba. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya malori ya pamoja, Waitalia wakiwamo, na malori yake yakawa ya Fiat. Hapa Mbeya tuna mahali panaitwa Mafiati. Huhitaji shahada kulielewa jina hilo: ni Fiat iliyotiwa kiambishi cha wingi, na ndivyo wazee wa mjini wanavyosimulia.

Sasa basi, kwa nini huku kwetu injini zinateseka? Ni pumzi. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, Iringa 1,600 hivi. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa umepungua karibu sehemu moja kati ya tano. Injini iliyotamba Dar inafika Kitonga ikihema kama mzee mwenye pumu. Dawa yake ilitafutwa zamani: Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hataza ya kuisukumia injini hewa mwaka 1885, na mwaka 1921 kampuni ya Mercedes ikaonyesha Berlin magari yenye supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe.

Lakini ukimlisha mtu kwa nguvu, atacheua. Hewa na moto vikisukumwa ndani ya silinda, sehemu hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo inakokaa oili. Huko huchanganyika na mvuke wa oili, na lazima itoke, la sivyo itasukuma sili nje. Zamani ilitoka kwa bomba la wazi ikamwagwa barabarani. California wakachoshwa na hewa chafu. Kuanzia magari ya modeli ya 1961 mvuke ule ukarudishwa ndani ya injini ukachomwe. Mji ukapona, lakini njia za hewa zikaanza kulowa oili. Ndipo kopo lilipopata kazi. Hata sheria za kimataifa za mashindano ya magari zinataka injini inayopumulia nje iwe na kopo: lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi.

Haya hayakai California tu. Mjomba wangu alinunua Toyota Mark II ya zamani, silinda sita, ile yenye supachaja. Gari tamu! Ila kila likipanda mlima linatoa moshi wa bluu, na oili inashuka. Fundi mmoja akamwambia ringi zimekwisha, atafute injini nyingine. Mjomba akaanza kutafuta mteja wa shamba lake la viazi kule Uporoto. Shamba ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake.

Tukaenda kwa mzee mmoja, fundi karibu na Mafiati, aliyeanza kazi utotoni kama utingo wa Fiat. Geji ya kupimia mgandamizo hakuwa nayo.

"Usiuze shamba, mwanangu," akamwambia mjomba. "Kwanza tuulize kopo."

Akachukua kopo la bati lenye kifuniko, akatoboa matundu mawili na kuchomelea vibomba. Ndani akatia waya wa kusugulia masufuria, mvuke upate pa kugandia, akauzuia kwa wavu usije ukameguka na kuvutwa na supachaja. Mpira mmoja ukatoka kifuniko cha tapeti ukaingia kwenye kopo. Wa pili ukatoka kwenye kopo ukaungwa kwenye njia ya hewa kabla ya supachaja, mahali inapovuta. Ukiunga baada yake, upepo unarudi injini. Mipira ilikuwa ya kustahimili oili, haikupindwa, na kopo likakaa mbali na eksozi, penye ubaridi.

Tukaenda Makambako na kurudi. Kopo likawa zaidi ya nusu. Mjomba akaishiwa maneno. Mzee hakushtuka, akang'oa ile valvu ndogo ya kurudisha mvuke, akaitikisa. Kimya. Ilikuwa imeganda ikiwa wazi, kwa hiyo supachaja ilikuwa inapuliza mpaka kwenye sampo na kuifukuza oili juu. Akaweka mpya. Safari ya Iringa, kilomita 330 hivi, kopo lilileta vijiko viwili vya oili na maji. Ringi zingekuwa zimekwisha, kopo lingejaa tena.

Shamba halikuuzwa.

Msomaji mwenye gari asinielewe vibaya: kopo si dawa. Ringi zikiisha zimeisha. Usilizibe, limwage mara kwa mara, na ulichomwaga usikirudishe kwenye injini, maana kina maji na uchafu. Baridi ya Juni na Julai likikutolea kitu cheupe kama maziwa, usikimbilie kufungua silinda hedi. Mara nyingi ni unyevu tu. Kopo linatoa ushahidi, uamuzi ni wako.

Na hapo ndipo ninapolifananisha na historia. Ya wakubwa yamepita kwenye bomba kubwa, yamefika Ndola, yameandikwa. Yaliyopenya pembeni, ya matingo waliolala chini ya malori Kitonga na mafundi waliojifunza kusoma injini kwa kunusa, hayakukingiwa kopo. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Kijana mwenzangu, unaye jirani aliyeshika usukani au spana enzi za mapipa? Nenda na daftari, leo. Kinachomwagika barabarani hakizoleki.