Hali ya Hewa kama Kinga: Historia ya Wajibu wa Mchukuzi wa Anga kwa Abiria Aliyecheleweshwa

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Mnazi Mmoja anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou, ndege ikichelewa saa sita huweza kumkosesha ndege ya kuunganishia safari na hata mzigo wenyewe. Maelezo anayopewa mara nyingi ni mafupi: hali mbaya ya hewa. Insha hii inabainisha kuwa, kihistoria, maneno hayo hayakukusudiwa kuwa kinga pasipo ushahidi.

Mkataba wa Warsaw wa 1929 uliandikwa wakati usafiri wa anga ungali mchanga. Ibara ya 19 ilimbebesha mchukuzi hasara itokanayo na ucheleweshaji. Ibara ya 20 ikamwondolea mzigo huo endapo angethibitisha kuwa alichukua hatua zote za lazima kuiepuka. Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika 2003 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, uliziunganisha kanuni hizo katika ibara ya 19 kwa safari za kimataifa. Ibara hizo hazitaji hali ya hewa, hutaja uthibitisho. Abiria naye hupaswa kuthibitisha hasara yake na kufungua shauri ndani ya miaka 2.

Hata hivyo, hatari yenyewe ni ya kweli. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki. Hakuna haki ya abiria inayomlazimu rubani kutua katika dhoruba.

Utata huanzia kwenye mfuatano wa safari. Ndege moja huenda vituo kadhaa kwa siku. Mvua ya asubuhi Bukoba huweza kutajwa jioni Dar es Salaam, ilhali kilichokosekana ni ndege ya akiba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hurekodi hali ya viwanja, lakini kumbukumbu za mgawo wa ndege na marubani hubaki mikononi mwa shirika. Hivyo, mzigo wa uthibitisho uliowekwa kwa mchukuzi tangu 1929 humrudia abiria kivitendo.

Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni Na. 261 ya 2004, ulitenganisha mambo mawili: dhoruba huweza kufuta fidia, lakini haifuti chakula wala malazi. Utengano huo ndio kipimo kinachofaa: mvua humsamehe mchukuzi kuchelewa, haimsamehe kumtelekeza abiria wala kumnyima maelezo yanayothibitika.