FUNDI REDIO ALIYEUSAIDIA MOYO (Sehemu ya 4)

Wengi mmeuliza: ile "betri" ya moyo anayowekewa mgonjwa chini ya ngozi, yaani pesimeka, ilitoka wapi? Leo tumjue Wilson Greatbatch. Hakuwa daktari, alikuwa mtu wa redio.

Alizaliwa 1919 mjini Buffalo, Marekani, na tangu ujana alikuwa akichezea redio. Kwenye Vita ya Pili ya Dunia alikuwa mwendesha redio jeshi la majini. Vita ilipoisha akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Cornell. Huko ndiko madaktari wa upasuaji walimsimulia ugonjwa mmoja wa moyo.

Sikia: moyo una umeme wake. Unaanzia vyumba vya juu, unashuka vya chini. Njia ikikatika, vyumba vya chini hupiga polepole mno. Mtu anaanguka, anazimia, anaweza kufa. Enzi zile mashine ya kumsaidia ilikuwa kubwa, inachomekwa ukutani, na shoti yake inaumiza. Umeme ukikatika je?

Miaka ya 1950 Greatbatch alikuwa anaunda kifaa cha kurekodi sauti za moyo. Akachukua rezista isiyo sahihi, akaifunga. Kifaa kikapiga, kikanyamaza sekunde moja, kikapiga tena. Mwingine angeing'oa tu. Yeye akaona: huu ni mdundo wa moyo!

Tarehe 7 Mei 1958, yeye na madaktari William Chardack na Andrew Gage wakakijaribu kwa mbwa, kikafanya kazi. Akaacha kazi, akachukua akiba ya dola 2,000, akajifungia bandani nyuma ya nyumba. Mkewe Eleanor alimsaidia kupima vipuri. Mwaka 1960 wagonjwa wa kwanza wakawekewa.

Tuwe wakweli: Sweden walitangulia Oktoba 1958, kwa mgonjwa Arne Larsson. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu, lakini kwa kubadilishiwa vingine aliishi hadi 2001.

Betri za mwanzo zilikuwa zinaisha baada ya kama miaka miwili, na mgonjwa anapasuliwa tena. Miaka ya 1970 Greatbatch akaleta betri ya lithiamu, inayodumu miaka mingi zaidi. Alifariki 2011 akiwa na miaka 92.

Kwetu Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inaweka vifaa hivi. Kwa hiyo mama, bibi akizimia mara kwa mara, usianze na "karogwa." Mshike kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa 60 hadi 100. Yakiwa chini ya 40 naye anazimia, hospitali leo leo. Mtoto akizimia akiwa anakimbia au anacheza, usingoje kuhesabu, mpeleke. Na wewe mwenye lupus ukiwa mjamzito, waambie kliniki mapema, maana mtoto anaweza kuzaliwa na tatizo hilihili.

Mtumie na shangazi asome.